Kofia ya Dolores na Miaka ya Kuwangoja Makuli

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Emil Novotny, mdogo wake marehemu. Kazi hii ya kusoma wasifu ilikuwa ya mumewe, Walter, lakini amesema sauti yake haitamfikisha mwisho wa ukurasa. Nami sina uhakika na yangu, kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu Dolores Irene Brandt alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Marlow, Ohio, akiwa mtoto wa kwanza wa Josef na Ludmila Novotny. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha vioo, na jioni alisikiliza besiboli redioni, timu yetu ya Makuli wa Toledo, Dolores akiwa amekaa miguuni pake. Mimi nilizaliwa miaka minne baadaye nikakuta nafasi hiyo imeshachukuliwa.

Alisoma Shule ya Mtakatifu Prokop, kisha sekondari ya Marlow, alikomaliza Juni 1969. Mwaka uliofuata aliajiriwa jikoni katika shule ya msingi ya mji huu, na hapo alipika hadi alipostaafu mwaka 2013. Wengi mliokaa hapa mmekula chakula chake, na baadhi yenu mlifukuzwa kwenye foleni kwa kusukumana.

Tarehe 8 Juni 1974 alifunga ndoa na Walter Brandt, tarishi wa posta. Fungate waliila Toledo, uwanjani, na Makuli walifungwa siku zote tatu. Mungu hakuwajalia watoto. Jambo hilo lilimuuma dada yangu, na hakulificha.

Sasa niwaeleze habari ya Makuli, maana bila hiyo nitakuwa nimewasomea wasifu wa mtu mwingine. Mwaka 1983 walifika mchujo wa Oktoba, zile mechi za kutafuta bingwa, kisha wakapotea kabisa. Mwaka 2015 wakubwa wa klabu waliwauza wachezaji wote wenye majina, wakachukua vijana wasiojulikana hata kwao, wakatutangazia kwamba wanajenga upya na kutuomba subira. Mimi nilisema hawa hawajengi, wanabomoa. Dolores alinijibu, “Emil, wewe hata supu huwezi kuingoja ichemke.”

Vijana hao waliletwa hapa Marlow, kwenye timu ndogo ya klabu, na walihitaji nyumba za kufikia. Dolores alifungua chumba cha nyuma. Kuanzia hapo, wakati sisi wengine tulisoma habari za ujenzi huo magazetini, yeye aliukaangia mayai kila asubuhi.

Aprili 2018 alikuja Wilkin Peralta, miaka kumi na tisa, kutoka Baní, Jamhuri ya Dominika. Wiki nzima hakugusa maandazi yetu ya nyama. Dolores akaamua kumpikia wali, ukashika chini ya sufuria. Yeye, mpishi wa miaka mingi, alikuwa anaubeba kwenda kuutupa kwa aibu, kijana akaruka kutoka kitini.

“Mama, usitupe! Hiyo ndiyo tamu!”

“Hii? Imeungua, mwanangu.”

“Haijaungua. Lete kijiko.”

Waliukwangua ule ukoko pamoja hadi sufuria ikang’aa. Tangu siku hiyo Wilkin alimwita mama, na hata alipopandishwa timu za juu, Krismasi alirudi kwenye chumba chake.

Julai 2022 wakubwa walisema jengo limekamilika, sasa wanataka ushindi. Wakamtoa Wilkin kwa klabu ya Omaha ili wapate mrushaji mwenye uzoefu. Siku hiyo Dolores hakupika. “Wamemuuza mtoto, Walter,” ndiyo kauli pekee aliyoitoa. Lakini kesho yake jioni nilimkuta amevaa kofia yake ya Makuli, nikamuuliza kama hana haya.

“Hawa waliobaki chumbani wamekosa nini?” akasema. “Kaa, ule.”

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alituandaa kwamba hatayavuka majira ya joto. Dolores alimwambia, kwa upole, kwamba yeye anahitaji Oktoba. Kiangazi kilipita, naye yupo, na Makuli wakashinda kama walivyotuahidi miaka tisa nyuma. Wakaingia mchujo, na mchezo wa kuamua wakapangiwa kucheza na klabu ya Omaha.

Jumamosi alasiri, tarehe 12 Oktoba, tulikuwa sebuleni kwake. Awamu ya tisa, ya mwisho, Makuli wanaongoza kwa pointi moja, na mpigaji wa mwisho wa Omaha anaingia na gongo lake: Wilkin. Mnajua desturi yetu. Timu yako ikiwa nyuma, unageuza kofia ndani nje kuiombea miujiza. Dada yangu, kwenye kitanda tulichomwekea hapo sebuleni, akaivua kofia yake ya Makuli, akaigeuza, akaivaa.

“Dolores! Sisi tunaongoza!”

“Nyamaza, Emil. Mwanangu anapiga.”

Wilkin alipiga hewa, akaukosa mpira wa tatu, na anayekosa mara tatu ametoka. Makuli walikuwa wamepita kwenda hatua inayofuata, mtaa mzima ukapiga honi, nami nilipiga kelele kama mwendawazimu. Dolores alikuwa analia. Simu ililia kabla Wilkin hajavua viatu vya uwanjani.

“Hongera, mama. Umengoja sana.”

“Umekula leo?”

“Mama, Makuli wameshinda! Hukufurahi?”

“Nimefurahi. Lakini kofia niliigeuza kwa ajili yako.”



Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 16 Oktoba, saa nne asubuhi, Walter akiwa amemshika mkono. Siku tatu baadaye Makuli walitolewa, na nasikia wanazungumzia kujenga tena. Namshukuru Mungu kwamba hakuwasikia, ingawa najua angeandaa kile chumba.

Kofia iliyo juu ya jeneza mtaiona imegeuzwa. Hatukuisahau hivyo. Walter alitaka kuirudisha sawa, kisha akaniambia, “Shemeji, tuiache.”

Marehemu ameacha mume, Walter. Mdogo wake, mimi Emil. Na mtoto mmoja, Wilkin, aliyesafiri kutoka Omaha na ambaye sasa atashika upande wa mbele tukimbeba mama yake.

Pumzika kwa amani, dada. Umengoja vya kutosha.