Hyacinthe, Aliyefundisha Ng'ombe Kusikia Neno

Padri wetu, wazee wa ukoo, majirani wa Lubarika, na ninyi mlioshuka kutoka Rurambo kwa miguu, asanteni kwa kuja. Mimi ni Victoire, mdogo wake marehemu, ninayemfuata ziwa. Nimeombwa nisome maisha ya kaka yangu kwa upole. Nitajaribu, lakini nina hasira, na sitaificha mbele ya jeneza lake.

Nsengiyumva Hyacinthe alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 kule Rurambo, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu Ciza na marehemu mama yetu Blandine. Baba alikuwa mchungaji. Kwake yeye ng'ombe alikuwa wa kuimbiwa, kutolewa kupe na kusifiwa kwa jina lake, basi. Mwaka 1979 tulishuka bondeni, tukajenga hapa Lubarika, na hapa ndipo Hyacinthe alipobatizwa.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza darasa la sita mwaka 1985. Sekondari alianza Septemba, na kabla ya Noeli alikuwa amerudi nyumbani. Ndama wa baba aliumwa, Hyacinthe akakaa kumwangalia, na ndama alipopona hakuna aliyeweza tena kumrudisha shuleni. Walimu walisikitika. Yeye hakusikitika hata kidogo, na tuache kusema alifukuzwa, maana nimesikia hilo nalo juzi hapa matangani.

Mwaka 1990 alijiunga na kikundi cha kilimo cha parokia, akajifunza kulima kwa sharu, lile jembe linalovutwa na ng'ombe wawili. Siku alipoleta nira nyumbani, baba aliitazama kama mtu aliyeletewa maiti. Akamwambia, "Ng'ombe yangu abebe muti kwa shingo? Weye unataka kumufanya mutumwa?" Walikaa msimu mzima wa mvua bila kusemeshana. Halafu baba alikwenda mwenyewe shambani, akajificha nyuma ya migomba, akamwona mwanawe anavyofanya kazi. Alirudi akasema tu kwamba yule ng'ombe mwekundu amenenepa. Kwa baba yetu, hiyo ilikuwa kuomba msamaha.

Nieleze kazi yake, maana wengi hapa mlikula matunda yake bila kuuliza alivyoifanya. Wengine walisema ana dawa kwenye fimbo. Wengine walisema anavunja ng'ombe kwa kipigo, na neno hilo lilimuudhi kuliko yote. Alikuwa akisema: kwanza unamzoesha, ndipo unamfunga, ndipo unamfunza. Kumzoesha ni kukaa naye zizini, kumkuna chini ya koo, kumpa chumvi mkononi hadi akuone wewe si hatari. Kumfunga ni kumvalisha nira tupu, bila mzigo, atembee nayo akiwa na mwenzake mzee aliyekwisha kuizoea. Kumfunza kunakuja mwisho, na kunakuja kwa neno, si kwa fimbo. Ukimfunga kabla hajakuzoea, alisema, hujamfunza kitu, umempiga tu.

Maneno yenyewe yalikuwa machache: twende, geuka, polepole, simama. Aliyasema kwa Kiswahili, yeye aliyelelewa akisikia ng'ombe wakiimbiwa Kirundi. Nilimuuliza sababu. Akanijibu, "Huyu ng'ombe ataazimwa na Mufuliiru, ataazimwa na Murundi, ataazimwa na Muvira. Asikie luga ya watu wote." Na kweli waliazimwa na wote. Walipokuja wenye bunduki wakachinja ng'ombe wake zizini, na walikuja zaidi ya mara moja, alitafuta ndama wengine akaanza upya na chumvi mkononi. Sijui alipata wapi moyo. Mimi nisingeweza.

Tarehe 17 Julai 1999 alifunga ndoa na Niyonsaba Agnès. Ndoa hiyo nusura ivunjike kabla ya kufungwa, kwa sababu wakwe waliona alama ya nira shingoni mwa ng'ombe mmoja wa mahari, wakasema ng'ombe aliyetumikishwa hafai kuwa mahari ya msichana wao. Wazee wakabishana mpaka pombe ikaisha. Agnès akatoka ndani, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, akawaambia, "Minye naolewa na Hyacinthe. Siolewi na shingo ya ng'ombe." Tangu siku ile nilimpenda huyu wifi yangu. Alijifunza sharu pamoja na mumewe, na ng'ombe wanamsikia yeye kama walivyomsikia kaka.

Sasa nafika kwenye kifo chake, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Kaka aliugua presha kwa miaka. Vidonge alivinywa akikumbuka. Alhamisi tarehe 10 Oktoba 2024 alikuwa analima na ng'ombe wake wawili, Ruhogo na Gitare. Jirani yetu Mathieu, ambaye amekaa pale mbele, alikuwa shamba la pili, na aliona kwa macho yake. Hyacinthe alishika kichwa, akasema "simama", akaanguka mbele, paji la uso likagonga chuma cha sharu, akabingirika mpaka chini ya miguu ya Ruhogo. Ruhogo akasimama. Mathieu anasema mguu mmoja ulikuwa umeinuka, na yule ng'ombe akaurudisha nyuma, hakumkanyaga. Alisimama hivyo na nira shingoni mpaka watu walipofika kumvuta mgonjwa.

Baba yetu mdogo Sévère alifika baadaye. Aliona damu usoni mwa kaka, aliona ng'ombe karibu, akasema pembe imemchoma mwenye ng'ombe. Kutoka hapo neno likapanda hadi Rurambo na kushuka hadi Uvira. Na sisi tuna desturi, wote mnaijua: ng'ombe aliyemwaga damu ya bwana wake hafugwi tena, anachinjwa matangani na kuliwa. Basi tangu juzi Ruhogo amefungwa nyuma ya jiko, na kisu kimekwisha kunolewa.

Walimbeba kaka kwa tipoyi, machela ya mabegani, hadi hospitali ya Lemera. Munganga, daktari wa pale, alitueleza, mimi na Agnès tukiwa tumesimama mbele yake, kwamba mshipa ulipasuka kichwani kwa ajili ya presha, na kidonda cha usoni kilikuwa cha juujuu. Kaka alipata siku chache za kuzungumza. Aliwaaga watoto mmoja mmoja. Alimwambia Agnès, "Mumalize shamba, mvua iko karibu." Alifariki Jumatatu tarehe 14 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Kama Ruhogo angekuwa ng'ombe asiyefunzwa, angemkanyaga pale pale, na hizo siku tusingezipata.

Baba mdogo, nakuheshimu. Umenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Lakini desturi unayoitaja ni ya ng'ombe aliyeua, na huyu hakuua. Ukimchinja, utakuwa umewaambia watu wote hawa kwamba Hyacinthe alipoteza maisha yake kufundisha mnyama asiyefundishika. Na utakuwa umemnyima mjane wake mikono, maana Gitare hawezi kuvuta sharu peke yake. Au utamlimia Agnès wewe?

Hyacinthe ameacha mke, Agnès. Watoto wanne, Ishimwe, Annie, Luc na Franck. Mjukuu mmoja, Kizito. Mimi dada yake. Na baba mdogo Sévère. Ameacha shamba lililolimwa nusu. Ameacha Ruhogo na Gitare, nao nawataja kati ya waliobaki kwa kusudi. Si nyama ya matanga. Kesho asubuhi Agnès atawafunga nira.

Kaka yetu alale kwa utulivu. Mwenye kisu apite kwanza kwangu.