Mufuko wa Uzito wa Kuku: Maisha ya Papa Hilaire Mirimo

Mheshimiwa Padri, Papa chefu wa kijiji chetu, wafiwa, majirani, watu wa soko na watu wa barabara, na ninyi marafiki wa hewani ambao leo tunaona sura zenu mara ya kwanza, familia inawasalimu wote, inawaomba mukae vizuri na mutege masikio, kwa sababu maisha ya Papa Hilaire Mirimo hayawezi kusomwa kwa sauti ya kilio peke yake, yeye mwenyewe hakupenda muntu wa kunong'ona mbele ya mikro, na kama angekuwa amekaa hapa leo angetupa ishara ya mukono tuongeze sauti kidogo.

Papa Hilaire alizaliwa Buleusa, katika territoire ya Walikale, tarehe 14 Machi 1961, mutoto wa pili wa Papa Émile Mirimo, mulimaji na mutegaji wa nyama, na wa Mama Libérata, binti wa Karuba kule Masisi, ambaye Papa Émile alimufuata mbali sana kwa miguu, mupaka leo wazee wa Buleusa wanaulizana alipita njia gani. Akiwa kijana mudogo alifuatana na baba yake kuangalia mitego, na sheria ya baba ilikuwa panga, chumvi kidogo na moto, basi, kitu kingine chochote kilichoongezwa Papa Émile alikitoa na kukiweka kando ya njia kingoje mupaka watakaporudi, hata kama ilikuwa viatu.

Alianza masomo ya msingi Buleusa mwezi wa Septemba 1967, akaendelea na secondaire kule Masisi, ambako alifukuzwa kwa siku chache kwa kosa la kufunga waya kutoka dirisha la dortoir, nyumba ya kulala wanafunzi, mupaka juu ya muparachichi, eti asikie vizuri redio ya Kisangani, na wenzake wote waliokuwa wakisikiliza naye walikana kabisa kwamba wanaujua ule waya. Hata hivyo alipata diplôme d'État mwaka 1980, akaongeza mwaka mumoja wa masomo ya umeme Goma, akarudi nyumbani na bisibisi mufukoni, na ile bisibisi haikutoka mufukoni tena.

Kuhusu kazi, tarehe 9 Januari 1984 aliajiriwa hapa Kashebere kuwa operateur wa phonie, na kwa vijana ambao hawakuiona, phonie ilikuwa kile chumba cha mbao chenye poste kubwa ya redio na batterie ya camion, yaani ya lori, ambamo kabla ya telefone watu wetu walizungumuza na Goma, Butembo na Kisangani, mumoja anasema, mwingine anangoja, na kila neno linasikiwa na wote waliokaa nje kwenye benchi. Kwa miaka zaidi ya ishirini na tano Papa Hilaire alipitisha katika mukono wake vizazi, vifo, bei ya mafuta ya mawese na ugomvi wa mabwana na mabibi, na hakuna aliyewahi kumusikia akibeba neno la muntu kulipeleka sokoni, na kwa kijiji chetu, tuseme ukweli mbele ya Mungu, hiyo ni ajabu.

Katika chumba kile ndimo alimuona Mama Kasoki, binti wa mufanyabiashara Mukatoliki wa Butembo, ambaye baba yake alimuweka Kashebere kusimamia duka, akawa anakuja kila Ijumaa kuagiza chumvi, sabuni na makayabu, wale samaki wa chumvi, na akisha kuagiza hakuondoka. Siku moja baba yake aliuliza kutoka Butembo, benchi yote inasikia, kwa nini huyu operateur anamupa binti yake zamu ya kwanza kila wiki na wengine wanakaa juani, watu wakacheka mupaka wakaanguka, Papa Hilaire akakosa mahali pa kuficha uso, akashika mikro akajibu kwa heshima kwamba ataleta jibu yeye mwenyewe pamoja na wazee. Wazee walikwenda, mbuzi zikafika, na ndoa ikafungwa kanisani Butembo siku ya posho, Jumamosi, tarehe 19 Agosti 1989, Mungu akawapa watoto watatu, Luc, Nicole na Mamy, na wajukuu ambao wako hapa mbele na ambao tunaomba wazazi wao wawashike kidogo.

Telefone zilipofika, phonie ilifungwa, mwezi wa Juni 2011, na Papa Hilaire akabaki amekaa kama mupishi aliyenyang'anywa chungu, mupaka siku alipokutana Goma na Papa Maurice, ambaye tunamuona pale, akamufahamisha kwamba duniani kuna watu wanaoitwa radio-amateur, watu wenye ruhusa ya serikali na jina lao la hewani, wanaozungumuza kutoka inchi mupaka inchi bila telefone na bila faida yoyote, kwa furaha tu. Ee, ndugu zangu, muntu alifufuka. Alisoma, akafanya mutihani, akapata ruhusa yake mwezi wa Mei 2014, na mara akajua pia kwamba kati ya wale watu kuna wenye wazimu zaidi, wanaobeba vyombo vyao mupaka juu ya milima, kwa sababu kutoka juu sauti ndogo inafika mbali, na mulima unahesabiwa kuwa umesikiwa pale tu mwenye kuupanda anapojibiwa na watu wane kwa kupanda kumoja. Akauliza kama kuna aliyewahi kuita kutoka milima ya Masisi, Papa Maurice akasema kwamba hamujui hata mumoja, na kuanzia hapo Papa Hilaire hakulala tena vizuri, alitaka mulima ulio juu ya Karuba, kwa wajomba zake, usikiwe, alitaka jina Masisi, ambalo dunia inalitaja kila siku kwa habari za vita, siku moja litajwe hewani na muntu anayecheka.

Lakini mwezi wa Novemba 2017 moyo wake ulianza kumusumbua, miguu ikavimba, akapelekwa Goma, na Docteur Régine, ambaye Mungu amubariki, akamuambia kwamba kutembea anaweza, kupanda anaweza pia kama anapanda polepole, lakini muzigo hapana. Papa Hilaire akauliza muzigo unaanzia wapi, daktari akacheka, na njo Mama Kasoki akajibu kwa niaba ya sayansi kwamba muzigo unaanzia pale unapopita uzito wa kuku, na waliporudi nyumbani akatangaza sheria, kwamba mufuko wowote unaokwenda mulimani utapimwa kwanza dukani, kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya makayabu, na ukipita kilo tatu hautoki mulangoni.

Wapendwa, wengi wenu mulikuwa mukipita mbele ya duka lile na kushangaa, muzee mwenye mvi anavua koti kwa sababu bibi yake amegundua kwamba ameficha batterie katika mifuko ya koti. Poste nzito akaiacha, akajenga nyingine yeye mwenyewe ndani ya kopo la maziwa ya unga, batterie ya moto, yaani ya pikipiki, ikaondoka, akaweka zile ndogo alizotoa katika kompyuta iliyokufa, waya munene ukaondoka, akafumua waya mwembamba kama unywele kutoka mashini iliyoungua, na nguzo hakubeba, alisema mulimani hakukosekani muanzi wa kuazima. Kitenge kimoja kilifunga vyombo njiani, kikawa meza juu ya mulima, kikawa mwavuli mvua ikija, akakata hata mushikio wa muswaki, jamani, muswaki, kisha akaja kucheza mbele ya mizani kama bwana arusi siku sindano ilipobakiza kidogo tu kushuka kwenye tatu.

Kilichobaki kizito kilikuwa kamba ya nailoni ya kuvuta antenne juu, na hapo alijiona mwerevu kupita wote, akasokota kamba ya maganda ya mugomba, nyepesi kabisa, akaihifadhi dukani katika sanduku lililokuwa la makayabu, na tarehe 20 Julai 2019 akapanda mulima wa Karuba. Aliita, akajibiwa na muntu wa Réunion, akajibiwa na wa Afrika Kusini, akajibiwa na wa Kameruni, na alipokuwa akimuita wa ine antenne ilimuangukia kichwani, kwa sababu ng'ombe wa mufugaji wa mulima ule, Papa Hakorimana, ambao wanapenda mugomba na wanapenda chumvi, walikuta vyote viwili vimesokotwa pamoja kama zawadi ya Noeli, wakaimaliza kamba yote, na mumoja akaondoka na kipande cha waya. Papa Hakorimana alikuja mbio kuomba musamaha, akaleta mashanza, maziwa yaliyoganda, wakayanywa wote wawili wamekaa chini, Papa Hilaire anacheka mupaka machozi, lakini waliomujua vizuri waliona kwamba siyo machozi yote yalikuwa ya kicheko.

Baada ya hapo ulikuja ugonjwa wa Covid na njia zikafungwa, kisha moyo ukamurudisha kitandani mara mbili, kisha usalama ukawa mubaya, naye hakuwa muntu wa kulazimisha, kila mara alipita kwanza kwa chefu wa Karuba na kwa waaskari, akafungua mufuko, akapanga kitu kimoja kimoja juu ya kitenge na kuwapa écouteur wasikie wenyewe, kwa maana katika milima yetu muntu mwenye waya na batterie hawezi kusema ninacheza akaaminiwa hivihivi. Mwezi wa Julai 2022 Docteur Régine alimuambia bila kuficha kwamba hiki ndicho kiangazi cha mwisho cha kupanda, na watoto walipokataa, Nicole akilia kwa telefone kutoka Goma, Mama Kasoki, ambaye kwa miaka yote alisema kwamba bwana yake anazungumuza na upepo, ndiye alisema wataenda, na atabeba yeye. Na bado akapima mufuko, kwa sababu sheria ni sheria.

Walipanda tarehe 6 Agosti 2022, wakipumuzika kila walipofika kwenye uzio wa malisho, Papa Hakorimana aliazimisha muanzi na kuwafunga ng'ombe wake mbali, kamba safari hii ilikuwa nailoni, na badala yake batterie moja ilibaki dukani. Wa kwanza alijibu upesi, wa pili akajibu, wa tatu, mwanamuke wa Italia, akajibu vizuri kabisa, kisha hewa ikanyamaza. Aliita, akaita, mawingu yakaanza kupanda kutoka upande wa Mushaki, ile batterie moja waliyokuja nayo ikaanza kuchoka, midomo yake ikageuka rangi, mupaka akavua écouteur, akaziweka juu ya kitenge, akasema taratibu kwamba watatu pia ni watu, na akaanza kukunja vyombo, antenne na poste vikiwa bado havijaguswa, na Papa Hakorimana anasema kwamba hajawahi kuona muntu akikunja waya polepole namna ile.

Mama Kasoki aliinama kusaidia, akachukua zile écouteur, na yeye ambaye hakuwahi kuzivaa hata siku moja akazivaa, labda kwa huruma, labda ajue tu huo upepo unasema nini. Mara akamushika bwana yake mukono.

“Papa Luc, usifungashe. Kuko muntu anakuita.”

Alikuwa muntu wa Ureno, sauti yake nyembamba kama uzi, anarudia nusu ya jina la hewani la Papa Hilaire na kuuliza nusu nyingine, Papa Hilaire akaruka kwenye mikro kama kijana wa miaka ishirini, daktari atusamehe, akajibu, akasikiwa, akaulizwa yuko wapi, akasema Karuba, Masisi, na yule muntu akajaribu kulitamka, Mazizi, Masiisi, akakosea, akacheka, akajaribu tena mupaka akaliweza, na juu ya mulima watatu wale wakapiga kelele hata ng'ombe wakageuka kutazama. Mulima wa Karuba ulisikiwa, wapendwa, na walishuka wakiimba, Mama Kasoki mbele na mufuko mugongoni, akimueleza kila waliyekutana naye kwamba yeye njo alimusikia wa kwanza.

Moyo ulimuachia muda kidogo wa kulisimulia jambo hilo, na alilisimulia kwa kila muntu, hata kwa wasiouliza. Tarehe 25 Septemba alichukuliwa tena Goma, akatunzwa vizuri, na siku ya yenga, Jumapili, tarehe 2 Oktoba 2022, asubuhi, watoto wake wote na Mama Kasoki wakiwa pembeni, Papa Hilaire alitutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na moja.

Familia inamushukuru Docteur Régine na wauguzi wake, ambao walimuuguza na kumuvumilia alipotaka kufungua mashini zao, inashukuru parokia, chefu wa Karuba na Papa Hakorimana aliyekuja na mashanza tena leo, inashukuru majirani wa Kashebere kwa kuni, maji na usiku waliokesha nasi, wenye pikipiki waliobeba wageni katika matope bila kulalamika, wenzake wa zamani wa phonie, na Papa Maurice pamoja na marafiki wote wa hewani.

Hawa marafiki wana desturi yao, na wametuomba ruhusa kuifanya hapa baada ya kaburi kufunikwa, kwamba mwenzao akifariki wanamuita hewani kwa jina lake mara tatu, hajibu, kisha wote wananyamaza. Ruhusa tumeitoa, lakini Mama Kasoki amekataa ule unyamazo, amesema kwamba miaka yote hii bwana yake alimujibu kila aliyemuita, hawezi leo kuitwa mbele ya watoto wake na kukosa hata muntu wa kuitika, na Papa Maurice mwenye ruhusa amekubali kukaa naye na kumushikia mikro, kwa hiyo akisha kuitwa mara ya tatu mutamusikia mama yetu akisema maneno ambayo ameyachagua yeye mwenyewe, “Hapa Kashebere, Papa Hilaire hayuko tena, lakini mimi bibi yake nimewasikia.”

Papa Hilaire, baba yetu, kaka yetu, lala na pumuzika, amani ya Mungu ikae nawe.