Mama Futa na Ukurasa wa Mbele

Simu ya mkwewe ilimkuta mama wa marehemu akitandika kitanda, alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024. "Mama, mwenzangu amepumzika. Hakusumbuka." Mama aliketi ukingoni mwa kitanda, akalia, kisha akasema, "Ee Mungu, asante kwa kumtua mzigo." Maana miezi ile ya mwisho maumivu yalimnyima binti yake hata lepe la usingizi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Septemba 1972, kifungua mimba wa baba mwashi, aliyekwisha kutangulia, na mama mshonaji.

Alianza shule ya msingi mwaka 1980, akamaliza sekondari mwaka 1990, kisha akasomea kompyuta chuoni. Sekondari, mwalimu alimrudishia insha akitaka aongeze maneno. Naye akauliza kwa adabu, "Mwalimu, ni wapi hapakueleweka?" Alichapwa, lakini hakuongeza.

Tarehe 15 Agosti 1998 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa za ofisini kwao. Taa ziliwaka, fundi akabaki anazungukazunguka na bisibisi. Marehemu akamwuliza, "Fundi, umeme umerudi, mbona wewe huondoki?" Mungu aliwajalia binti na mvulana.

Mwaka 1996 aliajiriwa na wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Alianzia dirishani, akihudumia foleni, na kazi iliyomuuma ni kumwambia mtu aliyetoka mbali, "Umepungukiwa karatasi moja, rudi kesho." Baadaye alipewa kusimamia tovuti. Huko wenzake walimbandika jina la Mama Futa, kwa sababu kila alichooneshwa alisema, "Hiki futa. Na hiki futa."

Mwaka 2022 alikabidhiwa kuitengeneza upya tovuti hiyo. Ukurasa wa mbele ulikuwa umejaa picha ya mkurugenzi na hotuba yake ya kuwakaribisha wananchi. Mahali pa kuombea cheti palikuwa pamejificha chini kabisa. Marehemu akaiondoa picha, na mahali pake akaweka pa kuombea cheti. Mkurugenzi akagoma kuidhinisha.

"Nyumba ambayo mwenyewe haonekani ni gofu," alisema.

"Mheshimiwa, mgeni amefuata cheti. Hakuja kukuposa."

Kazi ikakwama. Wakati huohuo, Februari 2023, madaktari walimkuta na saratani ya ini. Alimwambia mumewe, "Kufa siogopi, Mungu yupo. Naogopa kuiacha foleni ile kama nilivyoikuta."

Akaomba tovuti zote mbili zijaribiwe mbele ya mkurugenzi, akamleta shangazi yake aliyetaka cheti cha mjukuu. Shangazi alipewa ile ya zamani kwanza. Alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena.

"Mwanangu, huyu baba nimembonyeza usoni mpaka nimemwonea huruma. Mbona hajibu?"

Mkurugenzi, aliyeketi nyuma yake, akakohoa. "Shangazi, huyo ni mimi."

Shangazi akageuka, akampima kwa macho. "Ala, kumbe upo. Haya, nipe cheti."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni mkurugenzi. Ile mpya shangazi aliimaliza peke yake. "Nihamishieni huko ndani," mkurugenzi akasema, "nisije nikatobolewa macho." Akaidhinisha siku ileile.

Tovuti ilifunguliwa tarehe 4 Desemba 2023, marehemu akiwa amelazwa. Muuguzi wa zamu alimwombea mwanawe cheti kwa simu, kandokando ya kitanda chake. "Dada, imekubali," akamwambia. Marehemu alishusha pumzi. "Haya. Sasa hata nikiitwa, naitika." Tangu hapo hakuizungumzia tena kazi; aliomba kusomewa zaburi tu.

Jioni ya tarehe 10 Juni aliagana na watoto, akawabariki mmoja mmoja. Alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, akakata roho.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, wadogo zake watatu na shangazi. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na wafanyakazi wenzake wote.

Leo tunamlaza kando ya baba yake. Baada ya sala, mama atatia udongo wa kwanza, mume na watoto watafuata, kisha sisi sote. Bwana ampokee, ampe pumziko alilolingoja.