Brashi, Aliyewachora Majirani Wakiwa Wamelala

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kumsindikiza binti yetu, haya ndiyo maisha yake kwa ufupi. Yameandikwa na mama yake mzazi na yanasomwa na mjomba wake. Mama ameomba akae kiti cha nyuma, karibu na lango, mahali anapoweza kuona kila gari linaloingia.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1994, katika chumba namba saba cha nyumba za mstari, zile zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi kabla hakijafungwa. Baba yake, fundi wa mashine, alifariki mtoto akiwa na miaka mitano. Tangu hapo mama alimlea yeye na mdogo wake kwa kazi ya udobi, kufua na kupiga pasi mashuka ya watu. Chumba kina mlango mmoja na dirisha moja. Humo alijifunza kusimama kwa kushika ukingo wa beseni, humo alirudi kuugua, na mpaka leo tunapomzika hatujui kama chumba hicho kitakuwepo mwezi ujao.

Alianza kuchora ukutani kwa mkaa akiwa bado hajaanza shule. Yeye alichora, mama alifuta. Siku moja alimchora wakala wa nyumba, yule aliyekuwa akipita kukusanya kodi. Alimchora mzima, kofia, viatu, na tumbo limetangulia. Kabla mama hajashika kitambaa, hodi ikapigwa, na aliyeingia ni wakala mwenyewe. Mama akajisogeza mbele ya ukuta na beseni lake mkononi, lakini mwanamke mwembamba hawezi kuficha tumbo la namna ile.

"Huyo ni nani?" wakala akauliza.

"Ni mtoto tu, baba. Anachezea mkaa."

"Mtoto namwona. Nauliza huyo wa ukutani."

Mtoto akajibu mwenyewe: "Ni wewe. Shikamoo."

Mama alishaviona akilini vyombo vyake vikiwa nje na godoro juu yake. Wakala akainama, akatazama kwa kitambo, akasema, "Tumbo umenipunguzia. Marahaba." Akaenda zake. Majirani walicheka hadi jioni. Mama hakucheka. Alichukua kitambaa akaanza kufuta, tumbo kwanza.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia mwaka 2001 hadi 2007, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 2011. Hesabu zilimshinda na hakuona haya kusema hivyo. Mwalimu wa biolojia ndiye aliyekuwa akimwita ubaoni kuchora moyo, figo na mapafu, kisha anaandika pembeni "Usifute". Mwalimu wa hesabu akiingia anakuta ubao umejaa moyo, inambidi aandike kwenye kona kama mtu aliyepanga uchochoroni.

Mwaka 2012 alijiunga na mzee mmoja mchora mabango mwenye kibanda karibu na soko. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha brashi, na kwa hamu aliyokuwa nayo aliosha hata zile mpya ambazo hazijaguswa rangi. Mzee akamwita Brashi, na jina likakaa. Alijifunza herufi, kisha akajifunza sura, na kwenye sura akampita mwalimu wake, kama mzee mwenyewe anavyosema. Kumwona mtu mara moja kulimtosha. Kuna bwana aliyewahi kuja kibandani amekasirika, akidai yuko kwenye bango la kinyozi na hakuombwa ruhusa.

"Nilikuona ukipita," Brashi akamwambia. "Samahani, kaka. Una kichwa kizuri."

Yule bwana alirudi wiki iliyofuata na mke wake waje wakitazame hicho kichwa.

Tarehe 20 Agosti 2016 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa akimtengenezea fremu za mabango. Kijana huyo alikuwa akikosea vipimo kila mara, leo fremu kubwa, kesho ndogo, ili Brashi arudi tena. Mzee alipochoka akamwambia, "Wewe fundi, mwoe huyu binti tuendelee na kazi." Mwaka uliofuata walijaliwa binti mmoja. Walipanga chumba namba tisa, mlango wa pili kutoka kwa mama, na mama akawa anasikia mjukuu akilia kabla wazazi wake hawajasikia.

Tarehe 6 Februari mwaka huu, asubuhi, walikuja watu wenye ndoo ya rangi nyekundu wakapiga alama ya X kwenye kila mlango wa nyumba za mstari. Ardhi ilikuwa imeuzwa, na mmiliki mpya alitaka watu watoke. Wapangaji walikutana bombani. Wakili waliyempata, dada mmoja mpole, aliwaeleza kwamba kesi inaweza kufunguliwa, ila lazima mpangaji mmoja asimame kwa jina lake na sura yake kwa niaba ya wengine. Watu wote wakatazama ndala zao. Brashi akanyoosha mkono.

Mama alikuwa nyuma yake. Akamvuta sketi. "Shusha mkono."

"Nimeshaonekana, mama."

Kuanzia siku hiyo mama hakulala usingizi wa kawaida. Alijifunza sauti za magari. Gari la maziwa alilijua, la takataka alilijua, na kulikuwa na gari jeupe lililokuwa likisimama kwenye kona bila kuzima injini. Hilo alilijua kuliko yote.

Wakati kesi inasubiri tarehe, watu waliulizana wafanye nini ili waonekane. Kinyozi alitaka mabango ya "Haki yetu".

"Hayo wameshayasoma wakachoka," Brashi alisema. "Wao wanaona milango tu. Wanapiga X wanaondoka. Tuwaonyeshe tunavyolala humo ndani."

Aliomba kila nyumba itoe shuka moja lililotumika. Alilitandaza sakafuni, akawaambia wenye shuka walale juu yake kama wanavyolala siku zote, kisha akapita na mkaa kuzunguka miili yao, na baadaye na rangi nyeusi. Kwenye shuka moja unaona baba, mama na watoto wanne, kichwa hiki, miguu ile, mdogo amepachikwa kwapani. Kulikuwa na shuka la bibi mmoja peke yake, ambaye alilala ubavu akamwachia nafasi marehemu mumewe. Walilala wakitaniana. Mke wa seremala alimwambia mumewe, "Leo utaona unavyonisukuma ukutani. Brashi, chora hivyo hivyo, iwe ushahidi."

Mama alikataa kulala. Alisema mtu aliyechorwa chini namna ile anaonekana maiti, na kwamba kupimwa mwili mara moja, siku ya jeneza, kunatosha. Brashi hakumlazimisha. Mama akawa analinda mlango, na kazi ikiisha anayaficha mashuka katikati ya mashuka ya wateja wake. Anayekuja kupekua kwa dobi anakuta mashuka, atashangaa nini?

Kwenye mashuka ya kwanza Brashi alichora na sura za watu. Hakuna aliyemwambia asichore; yeye alikuwa mchora sura, na watu walizitaka. Yalipotundikwa kwenye kamba za uchochoroni, watu walikuja hadi kutoka mitaa mingine kutazama. Na watu wa gari jeupe nao walikuja, na simu zao. Siku chache baadaye seremala alifuatwa karakanani. Aliyemkamata alitazama simu, akatazama uso wake, akasema, "Ndiye huyu wa kwenye shuka." Walimshikilia karibu wiki nzima. Aliporudi hakutaka kusema alichoulizwa, na mpaka leo mtu akishusha kitu kwa kishindo nyuma yake anaruka.

Brashi alikwenda kuomba radhi. Mke wa seremala alimpa kiti, akampa chai, akamwambia polepole, "Ulimchora vizuri mno, mwanangu. Hata kovu la kidevuni."

Brashi aliyashusha mashuka yote, akarudi nayo chumbani, akazifunika sura zote kwa rangi nyeupe. Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na mama alimwangalia akiifuta, sura moja moja. Baada ya hapo alichora miili tu, bila nyuso. Na kwa kuwa sasa kila mtu aliogopa, kazi ilifanyika mlango ukiwa umefungwa na dirisha limefunikwa blanketi. Mvua zilikuwa zimeanza, ukuta ulikuwa na unyevu, na chumba kilijaa harufu ya rangi na ya tina ya kuzimulia rangi hadi macho yanatoka machozi. Wengine waliingia wakalala, wakachorwa, wakatoka. Yeye alibaki humo kutwa.

Tingatinga lilikuja tarehe 27 Aprili, kesi ikiwa bado haijasikilizwa. Mashuka yalikuwa yamefungwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, safu baada ya safu, ya nyumba zote, na wapangaji wamesimama nyuma yake. Mama alikuwa amembeba mjukuu aliyeshazidi umri wa kubebwa. Dereva alisogea mpaka shuka la kwanza likagusa chuma, akasimama. Akateremka. Akalitazama lile la watoto wanne.

"Hawa wote chumba kimoja?" aliuliza.

"Kimoja," akajibiwa kutoka nyuma ya shuka.

"Na huyu wa miguuni hapati teke?"

"Anapata kila siku."

Dereva akatikisa kichwa. "Kwetu mimi ndiye niliyekuwa wa miguuni," akasema. Akarudi kwenye mashine, akaizima, akamwambia msimamizi wake kwamba imepata moto na haiwezi kuendelea. Msimamizi alifoka mpaka sauti ikakauka. Mashine ikaendelea kuwa na moto. Kesho yake wakili alipata amri ya kusimamisha ubomoaji hadi kesi isikilizwe, na watu wakasema Brashi amewashindia. Mama alisema wasiseme hivyo kwa sauti.

Kikohozi kilikuwa kimeshaanza. Mwanzoni alikiita mafua ya rangi. Mwezi Mei akawa hawezi kulala chali, akahamia kwa mama ili mtoto asisikie. Mume wake alimsihi waende hospitali, mama akamsihi, lakini yeye alikuwa amesikia kwamba mchoraji anatafutwa, na hospitali wanaandika jina na mahali unapoishi. "Baada ya kesi," alisema. Mama usiku na mchana alikuwa na sikio kwenye barabara, akisubiri viatu vizito vya watu mlangoni. Hatari ilikuwa ndani, inapumua kwa shida kwenye kitanda chake mwenyewe. Tarehe 5 Juni mumewe alimbeba mgongoni bila kumuuliza tena. Daktari alisema mapafu yote mawili yamejaa maji. Walimtibu kwa bidii na tunawashukuru. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, asubuhi, akiwa na miaka ishirini na tisa. Neno lake la mwisho kwa mama lilikuwa kuuliza kama mashuka yameanuliwa, maana aliona kama mvua inakuja.

Wakili alikuja msibani. Alikaa mkekani kwa heshima, akangoja watu wapungue, kisha akaeleza kwamba kesi ilikuwa kwa jina la marehemu. Inasikilizwa Jumanne ijayo. Asipopatikana mpangaji mwingine wa kusimama mahali pake, itaondolewa, na amri itaondoka nayo.

Watu wakaanza kukusanya vikombe. Hatumlaumu mtu. Seremala alifungua mdomo, mkewe akamshika mkono wa shati.

"Lazima waone uso?" mama akauliza.

"Lazima, mama."

"Na jina langu litasomwa, na chumba?"

"Jina na namba ya chumba. Na watakuuliza maswali. Wakili wa upande wao ni mkali."

Mjomba wake, anayesoma hapa, alisema, "Dada, wewe hata mlango ukigongwa unaenda kusimama nyuma ya kabati."

"Ndiyo," mama alisema. Kisha akamwambia wakili, "Niandike mimi," akaomba maji.

Kwa hiyo Jumanne mama atasimama. Anawaambia ukweli kwamba anaogopa, anaogopa sasa hivi akiwa pale nyuma, na hadhani woga huo utaisha kabla ya Jumanne wala baada yake. Haombi mtu yeyote ajitokeze. Anaomba tu kwamba atakayeweza kufika aje akae ndani ya ukumbi wa mahakama, upande wa kushoto, ili yeye akigeuza kichwa amwone mtu anayemjua.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja wa miaka sita, mama mzazi, mdogo wake wa kiume ambaye ni dereva wa lori, mjomba, mzee aliyemfundisha kazi na aliyeomba ahesabiwe kuwa baba, na majirani wa nyumba za mstari, kuanzia chumba cha kwanza hadi cha mwisho, ambao bado wanalala humo.

Mwanetu, pumzika kwa amani. Hapo ulipo hakuna atakayebisha hodi akwambie uhame.