Mama Yake Godelieve Ndani ya Bati

Mugeni rasmi, Papa Émile, wewe unayetunza filimu za inchi yetu kule Kinshasa,

Mwanzo wa haya tunayokusomea tuliusikia kwa mwenzetu Mama Godelieve mwenyewe, Jumapili iliyopita baada ya misa, tukifagia sale hii, ukumbi wetu wa filimu, upate pa kukaa.

KARIBU

Karibu Kalemie. Ziwa limekusalimia kabla yetu. Sisi tunaitikia nyuma yake.

TULIKOTOKA

Zamani, muji ukiitwa Albertville, muzungu mumoja wa reli alipiga filimu watu waliokwenda kupokea meli. Filimu haina sauti. Mashangazi wake waliiona humu ukutani, wakamwambia Godelieve: mama yako anapita mule, amekubeba mugongoni, anageuka, anacheka. Mama huyo alikufa Godelieve hajaota meno, na hakuacha picha. Godelieve humwota akitoka upande wa maji, lakini uso umejaa mwangaza, hauonekani.

TULICHOFANYA

Filimu tuliikuta nyuma ya jukwaa, ndani ya bati lake, kopo la duara la kutunzia filimu. Tukatundika shuka jeupe. Fundi wetu, Papa Pierre, akafufua machini ya zamani ya kuonyesha filimu, ila hakutuficha: filimu imekauka, inanuka siki, machini inaweza kuikatakata ikipita. Mwenzetu Fanny akatania, "Mama, badilisha kitenge, mama yako asikukute na cha jikoni." Tukacheka.

Shuka lilikuwa likipumua na upepo wa ziwa. Godelieve alilitazama muda murefu, kama muntu anayesikiliza hodi. Macho yake yanafifia; alijua pengine hiyo njo nafasi ya mwisho. Kisha akasema polepole:

"Papa Pierre, usiwashe. Mama yangu alishakufa mara moja. Inatosha."

Akachukua bati, akalipakata.

OMBI LETU

Papa Émile, ichukue filimu hii, uiponye. Wenye kutafuta historia waitazame, waone kwamba siku ile watu walicheka. Lakini nakala irudi hapa, ili mutoto wa Kalemie anayefanya utafiti asiuze mbuzi za baba yake kwa kwenda kuona bibi yake Kinshasa. Na irudi mapema. Godelieve ana subira. Macho yake hayana.

Mungu akulindie njia, na mikono itakayoshika bati hili aifanye laini.

Shuka hatujalishusha. Tukiandika mustari huu wa mwisho, Godelieve amejilaza chini yake kwenye mukeka. Siku ile alibebwa. Leo njo yeye anayebeba. Bati liko kifuani, uso ameuelekeza kwenye weupe ule, na sasa amelala.

Ni sisi,
Wamama wa Kambi ya Reli, Kalemie