Nahoa Kahalewai na Ua Lililobaki Gengeni

Wapendwa wafiwa, ndugu na majirani, mimi ni Haunani, binti wa pekee wa marehemu, na mniwie radhi nikisoma haraka, maana pamoja na msiba huu nina hofu, na sababu yake mtaisikia.

Baba yetu, Nahoa Kahalewai, alizaliwa Kula, hapa kisiwani Maui, tarehe 14 Machi 1951, akasoma hapa hapa hadi 1969, na mwaka 1973 akaajiriwa kuutunza mmea wetu wa mlimani, ahinahina, unaokaa miaka thelathini, arobaini, bila ua, ukachanua kiangazi kimoja tu, kisha ukafa. Alimwoa mama, Leimomi, tarehe 8 Mei 1976, wakanizaa mimi mwaka 1980, ingawa mama alizoea kumtania, "Wewe watoto wako wako mlimani, huyu umeniachia mimi."

Kosa lake aliniagiza nilisome, tena kwa sauti. Nyanya yake alikuwa amemtambulisha kwa ahinahina mbili tu, na kwetu huchumi mbegu kwa mmea ambao hujatambulishwa kwake, basi kwa adabu hiyo alichukua mbegu za mimea ile miwili peke yake, akaotesha miche mia sita, yote ndugu. Ilipoanza kuchanua mwaka 2009, mbegu zikatoka makapi matupu, kwa kuwa ahinahina haipokei chavua ya ndugu yake, na huku ile ya porini ilikwisha kuliwa na mbuzi, isipokuwa mmoja, kwenye genge la mwamba mlimani, ambao aliungoja uchanue miaka kumi.

Maradhi ya mapafu yalimwanza Novemba 2018, akafariki Jumanne, tarehe 9 Julai 2019, saa nane mchana, siku mbili baada ya mmea ule kuchanua, akiwa amenishika mkono, akaniambia, "Nenda wewe, mwanangu, ujitambulishe kwanza."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, na wenzake wa kazini, hasa Bwana Kimo, aliyekagua kamba nitakayoteremkia gengeni akaniambia, "Utaning'inia tu kama nguo, usitazame chini." Jamani, sikucheka, mimi hata ngazi ya darini sipandi. Lakini maua yatanyauka kabla ya Jumatatu, na miche yake michache imechanua bondeni ikisubiri chavua hiyo, kwa hiyo mtakapoketi kula, mimi nitakuwa gengeni na brashi ya Baba ya kukusanyia chavua, nikiutajia mmea ule majina ya watu wetu.

Pumzika salama, Baba, ila leo usinipokee.