Mwalimu Hardayal na Yaqona Iliyobaki Ndani ya Basi

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Hardayal Sami anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha Biashara katika Sekondari ya Nasaqa. Somo lenyewe linaondoka naye, kwa kuwa mwakani Kidato cha Tano hakitakuwa na wanafunzi wa kutosha kulisoma. Inauma, na sitaki kujifanya haiumi.

Mada aliyoipenda kuliko zote ni wadau wa biashara. Hakuwa mtu wa kuandika orodha ubaoni na kwenda zake. Kila mwanafunzi alipewa mdau mmoja, akaishi kama yeye wiki nzima: huyu mmiliki, yule mfanyakazi, mwingine mkulima. Jone Vakaloloma, aliyepangiwa kuwa mteja, alirudisha kantini roti, ile chapati ya kufungia viazi, aliyokwisha kuila nusu.

"Mama, mimi ni mdau! Viazi havina chumvi!"

Alifukuzwa kwa mwiko. Mwalimu alimpa alama zote.

Mwaka 2003 alitupeleka kwenye kiwanda cha tangawizi, kilichoajiri nusu ya wazazi wa hapa. Nami nilikuwemo, msichana wa Kidato cha Tano, miaka mingi kabla ya kuwa mwalimu mwenzake wa Sayansikimu. Kiwanda kilisimama kwenye ardhi ya ukoo wetu, na mkataba wa kuikodi ulikuwa ukingoni. Mwalimu alikuwa amenunua bunda la mizizi ya yaqona, inayosagwa kuwa kinywaji cha heshima cha wazee, ili tupite kijijini kwanza kuomba ruhusa kama inavyotakiwa. Lakini basi lilichelewa, na meneja alitupa saa moja tu.

"Tuanzie kiwandani," alisema. "Kijijini tutapita tukirudi."

Tulipotoka, msemaji wa ukoo, mzee Apakuki, alikuwa amesimama langoni.

"Mmeshawasalimu wadau wote, Master?"

"Bado nyinyi, mzee wangu. Yaqona iko ndani ya basi."

"Sasa si ikae huko huko!"

Mwaka uliofuata mkataba haukuongezwa. Kiwanda kilifungwa, familia zikavuka bahari kwenda mji mkuu, Suva, madarasa yakabaki na madawati matupu. Mwalimu alijitwisha lawama zote. Tangu hapo kila Kidato cha Tano kilianza somo kijijini, mkekani, yeye akiweka yaqona na kuomba radhi upya. Wazee walipokea, wakapiga makofi ya heshima, wakanywa. Akirudi darasani aliwaambia watoto, "Mji huu niliufunga mimi, kwa haraka ya saa moja." Jina lake lilipotajwa kwa ukuu wa shule, mara mbili alikataa.

Wiki iliyopita nilipeleka yaqona yangu kwa mzee Apakuki, nikamwomba ruhusa ya kuandika haya. Aliipokea, akaiweka mkekani.

"Kwani Master hajui mpaka leo?"

"Hajui, babu."

"Nilidhani wewe umeshamwambia. Si mnakaa meza moja?"

Mwalimu, sasa nasema nawe: wiki mbili kabla ya safari ile, wazee walikuwa wamekwisha kukataa kuuongeza mkataba. Waliiandikia kampuni barua tatu, zote hazikujibiwa. Najua kwa sababu jioni ya kikao chao mimi ndiye niliyekuwa nikiwapelekea chai, nikasikia kila neno. Nilikuwa binti wa ukoo, na maneno ya mkekani hayatolewi nje na binti. Baadaye nikawa mtu mzima, nikawa mwalimu, nikakaa meza moja nawe miaka kumi na miwili, na kila mwaka nilikutazama ukifunga lile bunda kwa kamba. Nikaona aibu kuanza kukuambia. Hukuufunga mji huu. Ukuu wa shule ulioukataa hauwezi kurudishwa, wala miaka hiyo.

Asante kwa kutufundisha. Nenda salama kwa mkeo Bi Kamla na bustani yako ya bilinganya, upumzike, ulale usingizi mzuri. Nami naomba radhi.

Losalini Tuinabua, Idara ya Sayansikimu